Mjukuu Wangu, Funga Miguu!

Tuanze na lisilo na ubishi: Tabora hakuna dubu. Mirambo hakukutana naye, Mjerumani aliyepitisha reli hakukutana naye, na mrina asali aliyezaliwa na kuzeekea pori la Sikonge hamjui hata kwa kusikia. Duniani kuna aina 8 za dubu, na hakuna hata moja inayoishi kusini mwa Sahara. Afrika nzima alikuwapo mmoja tu, yule wa milima ya Atlas kule Moroko na Aljeria, naye alitoweka karne ya 19. Kwa hiyo mtu akikwambia yupo kijana wa Isevya aliyehitimu mafunzo ya kujikinga na dubu, akapewa na cheti chenye picha ya dubu amesimama wima, usibishe. Kijana mwenyewe ni mimi. Cheti kiko sebuleni kwa mama, pembeni ya kalenda, na wageni wakiuliza mama husema ni cha kompyuta.

Ilikuwa hivi. Kampuni moja ya utafiti wa madini ilikuja kufungua kambi kusini mwa mji, ndani kabisa ya miombo, ukishapita Sikonge unaelekea Ipole halafu unaiacha barabara. Walitaka mtu mwenye Kiingereza cha kuwaelewa wao na Kinyamwezi cha kuwaelewa vibarua. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani nahesabu maembe yanayodondoka uani. Nikapewa cheo: Msaidizi wa Afya na Usalama. Nikapewa kofia ngumu, filimbi, sanduku la huduma ya kwanza na sare ya bluu iliyokoza. (Kuhusu hiyo sare: wanaotega mbung'o hutumia vitambaa vya bluu na vyeusi, maana hizo ndizo rangi zinazowavuta. Sisi tulivikwa mtego, tukaambiwa tuingie porini. Sitaendelea. Mgongo wangu unajua.)

Kambini palikuwa na vijana wa kufyeka mistari na kuchimba sampuli za udongo, lakini hao hawamo sana katika habari hii kwa sababu usiku wa tukio walikuwa na akili ya kubaki ndani ya mahema. Waliomo ni hawa. Mama Jiko, mwenyeji wa Ipuli, aliyetawala chakula, kuni, maji na meneja. Fundi wa magari, Mzaramo kutoka Dar, mtani wetu wa tangu enzi za misafara, ambaye alishatutangazia mapema kwamba akifia porini kwetu tutamlipa kwa ng'ombe. Hakulala chini hata usiku mmoja; godoro lake lilikaa juu ya paa la gari. Dereva alikuwa Muha wa Kasulu, mtu wa maneno machache, asiyeogopa kitu kwa maelezo yake mwenyewe.

Na palikuwa na Babu. Babu alikuwa mrina asali. Mizinga yake ya magome ilitundikwa kwenye miti ya msitu ule kabla baba yangu hajaoa, na kampuni ilimwajiri awe mwonyesha njia kwa sababu ramani yao ilikuwa na mito ambayo haionekani mpaka masika.

Sasa sheria ya kampuni ilisema hakuna anayeingia porini kabla hajafunzwa kuhusu wanyama wakali. Sheria nzuri kabisa. Tatizo, kozi waliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, nayo iliandikiwa kwao.

Mkufunzi alitoka Kanada, jimbo la British Columbia, ambako dubu ni wa kumwaga. Alikuwa kijana mpole, jua limeshamfanya mwekundu, na njiani alikuwa amefundishwa kusema "Mwangaluka," ambayo ni salamu ya asubuhi, naye akaitumia mpaka saa ya kulala. Alitukusanya chini ya mninga, akatundika picha ya dubu, mimi nikasimama pembeni kutafsiri.

Mama Jiko alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Mwanangu, hebu muulize mgeni. Huyu mnyama hapa kwetu anapatikana upande gani?"

Nikauliza. Nikarudisha jibu: "Anasema hapa hayupo."

"Haya. Na simba?"

Mkufunzi akafurahi, akafunua kurasa za mwisho. Simba alikuwamo. Simba wa milimani. Tukamtazama simba wa milimani kwa muda, hana manyoya shingoni, hana ndugu yeyote tunayemfahamu. Kumbe ni puma, wa Marekani.

"Tembo je? Nyati?"

Tembo na nyati hawakuwamo. Palikuwa na paa mkubwa mwenye mapembe mapana ambaye Babu alisema angependa kumwonja.

Lakini nisimwonee yule kijana, maana aliyojua aliyajua vizuri, na alieleza sababu. Kwao, alisema, dubu wengi wanaoumiza watu wameshtushwa karibu, au ni mama aliyehisi watoto wake wako hatarini, au ni dubu aliyeshaonja chakula cha watu akanogewa. Kwa hiyo ukitembea, ongea kwa sauti, piga makofi, akusikie mapema aondoke zake. Ukikutana naye usikimbie: dubu hukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa, na ukikimbia unamwamsha hamu ya kukufukuza.

Hapo Babu akatikisa kichwa kukubali. "Hilo la kutokukimbia mwambie ni kweli. Anayekimbia anajitambulisha kuwa yeye ni nyama."

Tukafika sehemu ya kushambuliwa. Hapa somo likawa zito. Akiwa dubu wa kahawia, yule wanayemwita grizzly, na amekushika kwa kujihami, unajifanya maiti. Unalala kifudifudi, unaacha mkoba mgongoni ukukinge, unafunga viganja nyuma ya shingo, na miguu unaitanua ili asiweze kukupindua. Hutikisiki mpaka aende zake. Akiwa dubu mweusi, kujifanya maiti ni kosa: unapigana, unamlenga usoni na puani. Mkufunzi alilala chini ya mninga akatuonyesha, nasi wote tukalala, vibarua, dereva, mimi, kifudifudi kwenye majani makavu, miguu imetanuka. Mama Jiko alikataa. Alisema ana kitenge na ana heshima yake.

Babu naye alibaki amesimama. "Mjukuu wangu, muulize. Ikiwa ni usiku, na tochi imezimika, nitamjuaje mweusi na wa kahawia?"

Mkufunzi akaeleza: grizzly ana nundu mabegani, ana kucha ndefu, uso umebonyea katikati. Mweusi hana nundu.

"Kwa hiyo nimpapase kwanza," akasema Babu. Halafu akauliza jingine. "Na fisi? Nikilala hivyo mbele ya fisi, nimenyamaza, sitikisiki?"

Nikatafsiri. Mkufunzi akasema kitabu chake hakina fisi. Babu akacheka mpaka akatafuta gogo la kukalia. "Hapo sijajikinga," akasema. "Hapo nimejipakua."

Mwisho akatoa kopo. Lilikuwa jekundu, lina mpini na kizuizi cha plastiki, ndani yake dawa ya pilipili kali ya kupuliza. Unasubiri dubu afike kama mita 8, unatazama upepo, unachomoa kizuizi, unapuliza wingu mbele ya uso wake. Alisisitiza kwamba haipakwi mwilini wala haipuliziwi hema. Wapo waliodhani ni dawa ya mbu, na harufu iliyobaki ikaishia kuwavuta dubu badala ya kuwafukuza. Fundi aliuliza je, mbung'o? Mkufunzi akasema hapana. Fundi akauliza tena kwa njia nyingine. Hapana.

Kopo lile haliruhusiwi kupanda ndege, si mkononi wala kwenye mizigo, hivyo lilikuja kwa meli pamoja na mitambo ya kuchoronga. Lilikuwa moja. Nikavishwa mimi kwenye mkanda, kwa sherehe ndogo, na nikiri nililipenda. Ukiwa na kopo la namna ile kiunoni unatembea tofauti.

Mkufunzi akaondoka na basi la Dar, akatuachia cheti kila mtu, kitabu, na katoni ya kengele ndogo za kufunga kwenye mikoba.

Kengele hizo hata yeye hakuziamini. Alisema sauti ya mtu inafaa zaidi. Lakini zilikuwa kwenye orodha ya vifaa na meneja alitaka orodha iheshimiwe. Tukazifunga. Tukaingia msituni tukilia njiri njiri njiri, watu wazima, na Babu mbele akiwa ameshika masikio. Yeye msituni hunyamaza, kwa sababu anataka kumsikia tembo akivunja tawi kabla tembo hajamsikia yeye. Mchana huo huo akatokea mchungaji wa Kisukuma, fimbo begani, amelowa jasho, amefuata mlio wa kengele zetu tangu asubuhi akijua ni ng'ombe wake waliopotea. Alipotukuta alisimama kimya akituhesabu. Kisha akamgeukia Babu, mtani wake, akamwuliza kwa upole kabisa hawa Wanyamwezi wameanza kufugwa lini.

Jioni kengele zote zikarudi kwenye katoni. Mchungaji yule akawa rafiki wa kambi na muuzaji wetu wa maziwa, na hilo litakuja kunisaidia.

Halafu chakula. Kitabu kilisema chakula, sabuni, dawa ya meno, vyote vyenye harufu, vitundikwe mtini mita 4 kutoka ardhini, mbali na shina, na mita 100 kutoka mahema. Dubu ana pua ya kutisha. Mimi nilisoma nikawaza dagaa wa Kigoma tulionao, ambao hawahitaji pua ya dubu. Ule mzigo unaposhuka na treni stesheni ya Tabora, mji mzima unajua umeshuka. Nikatafuta mti wa mtundu mzuri wenye tawi refu, nikapima kwa utepe, nikatundika mchele, sukari, karanga, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na dagaa. Kazi safi. Mita 4 na nusu, ya ziada kwa usalama.

Mwandishi wa kitabu kile alikuwa amefikiria kila kitu kuhusu mnyama anayetoka chini. Nyani wa Sikonge wanatoka juu. Alfajiri tuliamshwa na kelele za furaha, tukakuta familia nzima imekaa kwenye tawi, mkubwa wao amepakata mfuko wa karanga, wadogo wanarushiana matobolwa. Mchele ulimwagika wote. Dagaa hawakuguswa. Mama Jiko alisimama chini ya mti ule mikono kiunoni, akanitazama mimi, akawatazama wao, na nadhani alikuwa anatafuta tofauti.

Tangu siku hiyo chakula kilirudi stoo, ambayo ilikuwa hema la turubai kando ya jiko, na meneja akaombwa asilizungumzie tena.

Sasa, msimu wa kurina ulikuwa umefika. Babu alishusha mizinga yake kadhaa, akaiuzia kambi ndoo ya lita 20 ya asali ya miombo, nzito, nyekundu, ina vipande vya masega juu. Nikamkumbusha Mama Jiko kwamba kwa utaratibu asali ndiyo kitu cha kwanza cha kutundikwa.

"Mchele wangu ulitundikwa," akasema. "Asali hii italala ndani, na juu yake nitaweka jiwe."

Hapa inabidi nimtambulishe mwenzetu aliyekuwa akitusikiliza kutoka kwenye giza. Nyegere si mkubwa. Mbwa wa kawaida anaweza kumzidi. Lakini ngozi yake ni nene tena imelegea, ukimkamata mgongoni anageuka humo humo ndani ya ngozi yake na kukuuma. Nyuki wanamchoma, yeye anakula. Warina asali wa Tabora wamepigana naye vizazi na vizazi, wakitundika mizinga mbali na shina ili asiifikie, na yeye akijifunza kila walichobuni. Akikereka anatoa uvundo. Na mwanamume yeyote aliyekulia Unyamwezi ameambiwa na wakubwa zake jambo moja zaidi: nyegere akikasirika haumi popote tu. Analenga. Analenga mahali ambapo mwanamume hataki kulengwa. Wataalamu wa wanyama wanaweza kubishana na hilo mchana, wakiwa wamevaa suruali za jinzi. Usiku, ukiwa umevaa bukta, hubishi.

Nilisikia jiwe likianguka. Halafu ndoo ikabingirika. Nikavaa kofia ngumu, nikachukua tochi, nikajifunga mkanda wenye kopo juu ya bukta, nikatoka. Nilikuwa na cheo, na hiyo ndiyo kazi ya cheo.

Nilifuata maelekezo yote, hatua kwa hatua, na ninataka hilo lieleweke. Kwanza nikajitambulisha, maana kitabu kinasema uongee kwa sauti tulivu ili mnyama ajue wewe ni binadamu. Nikasema kwa utulivu kwamba mimi ni binadamu, sina nia mbaya, naondoka taratibu. Nilisema kwa Kiingereza. Sijui kwa nini, ndivyo nilivyofundishwa.

"Unaongea na nani wewe?" sauti ya Fundi ikashuka kutoka juu ya gari.

Turubai la stoo likatikisika, akatoka kinyumenyume akivuta ndoo kwa meno. Tochi ikampata. Akaiachia ndoo, akageuka, akaniangalia, akatoa mlio ambao sijausikia kwa mnyama mwingine, kitu kati ya mkoromo na msumeno. Kisha akaja. Hakukimbia. Alikuja kwa mwendo wa mtu anayekuja kudai deni lake.

Nikasubiri afike mita 8. Akafika. Nikachomoa kizuizi. Upepo nilikuwa nimeshautazama jioni, ulikuwa unatoka kwangu kwenda stoo. Nikabonyeza.

Upepo wa jioni na upepo wa saa nane usiku ni pepo mbili tofauti. Wingu la rangi ya chungwa lilitoka, likasimama kidogo hewani likijishauri, halafu likanirudia lote. Sina namna ya kuieleza pilipili ile. Macho yalifunga yenyewe, pua ikafunguka, nikameza moto, nikakohoa moto. Juu ya gari Fundi alianza kupiga chafya na kutoa ushahidi wa dini kwa wakati mmoja. Tochi ilikuwa imeniponyoka, na mkoromo ule ulikuwa bado unakuja.

Mwili ulikumbuka mafunzo kabla ya akili. Nikajitupa kifudifudi. Viganja nyuma ya shingo. Miguu nikaitanua.

"Mjukuu wangu!" Hiyo ilikuwa sauti ya Babu, na sijawahi kumsikia akipaza sauti msituni, si kabla wala baada. "Mjukuu wangu, funga miguu!"

"Kitabu kinasema nitanue!" nikajibu huku mdomo umejaa majani.

"Kitabu hakina mpango wa kuoa! Funga miguu!"

Nikafunga. Nilifunga kwa nguvu ambayo hata leo nikiikumbuka magoti yanagusana. Nikaondoa na mikono shingoni nikaipeleka kunakohusika, nikamwachia Mungu shingo. Na wakati huo huo nikasikia miguu ikipita mbio kando yangu: alikuwa Dereva, Muha asiyeogopa kitu, ametoka hemani kuja kuniokoa, na ameshika sufuria ya ugali kwa mikono miwili. Hakuishika kichwani. Hakuishika kifuani. Alikuja hivyo hivyo, ameikinga mbele ya bukta, akipiga kelele za vita, na alipofika kwenye wingu la pilipili akageuka na kurudi kwa kasi ile ile bila kubadilisha mkao wa sufuria.

Nyegere alinipanda. Nilifumbua jicho moja kwa taabu, nikamwona akipita juu ya mkono wangu hadi karibu na uso, tumbo jeusi tititi, akanusa kofia, akanusa sikio. Inaonekana pilipili haikumpendeza naye, maana hapo ndipo alipotoa uvundo wake. Sitaueleza. Nitasema tu kwamba kwa muda mfupi niliisahau pilipili.

Kisha akarudi kwenye ndoo, akang'oa mfuniko, akala. Mama Jiko alikuja na kijinga cha moto na maneno makali, akamfuata mpaka hatua chache, na yule mnyama akamtazama, akaendelea kula, ila akajisogeza upande wa pili wa ndoo ili moto usimsumbue. Aliondoka aliposhiba. Alichukua na sega moja la njiani.

Walinimwagia maji machoni mpaka jaba likaisha nusu. Ngozi ya uso walinipaka maziwa ya mtindi ya Msukuma wetu, na kweli yalipooza, maana ukali wa pilipili uko kwenye mafuta yake na maji matupu huuhamisha tu. Mama Jiko alinipaka kwa mkono mmoja, mwingine ameshika pua.

Ungedhani yameisha. Asubuhi meneja akaniletea fomu. Kila tukio la mnyama lazima liandikwe na kutumwa makao makuu ndani ya saa 24, na fomu ya tukio la mnyama ilikuwa moja. Swali la kwanza: aina ya dubu. Visanduku vitatu: mweusi, wa kahawia, mweupe wa barafu. Hapakuwa na kisanduku cha mengineyo. Meneja alisema fomu yenye kisanduku kitupu hurudishwa na kompyuta.

Tukakaa kikao. Wa kahawia tulimwondoa mapema, hana nundu. Nikasema mimi nilimwona vizuri kuliko yeyote, alikuwa mweusi.

"Mweusi wapi?" Fundi akaruka. "Mimi nilikuwa juu, nimemmulika mgongo mzima. Mweupe! Kuanzia kichwani mpaka mkiani, mweupe!"

Na wote wawili tulikuwa na haki, kwa sababu nyegere juu ni mweupe wa kijivu na chini ni mweusi. Yeye alimwona kutoka darini, mimi nilimwona kutoka uvunguni. Dereva alipoulizwa alisema hakuangalia rangi. Ikapigwa kura, ikatoka sare, na Babu akaamua: "Andikeni wote wawili. Mashahidi hawasemi uongo." Nikaweka alama mbili. Je, chakula kilikuwa kimetundikwa? Hapana, kutokana na nyani. Je, dawa ya pilipili ilitumika? Ndiyo, yote. Je, ilimfikia mlengwa? Nikaandika: kwa sehemu. Nikapanda kichuguu kikubwa nyuma ya kambi, ambako ndiko pekee palipokuwa na mtandao, nikaituma.

Majibu yalikuja haraka kuliko mshahara. Makao makuu walitushukuru kwa taarifa ya kina. Walieleza wasiwasi mkubwa kuhusu dubu mweusi na dubu wa barafu kuonekana katika kambi moja usiku mmoja, jambo ambalo hawakuwa na kumbukumbu nalo. Walinikumbusha kwamba dubu wa barafu anaweza kumwinda mtu kama chakula, kwa hiyo kujifanya maiti mbele yake ni hatari sana, na wakashauri kambi izungushiwe waya wa kulipua fataki na walinzi wapokezane usiku kucha. Waliuliza pia hali ya barafu kwa sasa. Yule mkufunzi mpole alikuwa amenakiliwa, na aliongeza mstari mmoja wa kwake: "Mwangaluka. Mweupe, una uhakika?"

Kopo jingine hawakuweza kulituma kwa ndege. Walituma walichoweza. Boksi lilifika na gari la mboga kutoka mjini, Mama Jiko akalifungua kwa kisu: glavu nene za kaskazini, zinafika mpaka kwenye viwiko, zina manyoya ndani. Jozi moja kwa kila mfanyakazi. Tabora, mwezi wa kumi, jua linapasua mawe.

Tulikuwa tunacheka bado Babu alipozichukua zake akazivaa. Akakunja vidole, akakunjua. Akaenda moja kwa moja kwenye mzinga uliokuwa umebaki mti wa jirani, akapanda, akaingiza mkono mzima bila haraka, akatoa masega moja baada ya jingine huku nyuki wameifunika ile glavu mpaka haionekani. Hakuna hata mmoja aliyempata mkononi. Aliposhuka alikuwa anatabasamu, ila anachechemea, maana nyuki walipokosa mikono walishuka chini na kumkuta kwenye kandambili.

Akaketi kwenye gogo, akavua glavu taratibu, akazipanga, akaanza kung'oa miiba kwenye vidole vya miguu.

"Mjukuu wangu," akasema, "panda kichuguu. Waandikie kwamba yule mweupe amerudi, na safari hii ameuma miguu." Akapima unyayo wake kwa shubiri. "Mimi navaa namba tisa."